"Aina ya Mti": Uhakiki wa Fasili na Majina ya Mimea, kwa Mifano ya Usoke

Mtu akifungua kamusi ya Kiswahili kutafuta maana ya jina la mti, mara nyingi hupata jibu alilokuwa nalo kabla ya kuifungua. Huambiwa kwamba jina hilo ni la aina ya mti. Pengine huongezewa kuwa mti wenyewe ni mkubwa, au mbao zake ni ngumu, au majani yake ni dawa. Hapo habari hukoma. Asiyeujua mti huo bado haujui, na anayeujua hakuwa na haja ya kuambiwa. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kasoro hii si ndogo kama inavyodhaniwa, kwamba inawagharimu mwalimu, mfasiri na mtumishi wa serikali, na kwamba dawa yake haiko mbali.

Mifano yetu tumeitoa Usoke, katika Wilaya ya Urambo, Mkoa wa Tabora, kando ya Reli ya Kati, katika kile kipande cha kutoka Tabora kwenda Kigoma kilichofika ziwani mwaka 1914. Kabla ya reli, nchi hii ya Unyamwezi ilipitiwa na misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, hapo lugha mbili zimekutana kwa muda mrefu: Kinyamwezi chenye majina ya miti ya porini, na Kiswahili kilichopanda na misafara pamoja na miembe. Pili, pori la Usoke ni pori la miombo, na neno hilo la kwetu limechukuliwa na wanasayansi wa dunia nzima kuwa istilahi yao. Wanalitumia katika vitabu vyao bila kulifasiri. Ingekuwa aibu kwetu tulioazimwa neno tukashindwa kulieleza.

Fasili isiyotambulisha

Tuchukue miti miwili ambayo mtoto wa Usoke huipita kila siku aendapo kuokota kuni. Wa kwanza ni mtundu, ambao kwa Kilatini ni Brachystegia spiciformis. Wa pili ni muba, Julbernardia globiflora. Yote miwili ni miti ya miombo. Yote miwili ina majani yaliyogawanyika vipande vilivyopangwa kwa jozi. Yote miwili huzaa maganda yanayopasuka kwa kishindo wakati wa kiangazi na kurusha mbegu mbali. Fasili isemayo "aina ya mti wa porini wenye maganda" inaifaa yote miwili, na kwa hiyo haimfai msomaji hata kidogo.

Lakini miti hii haifanani kwa mwenye kuangalia. Jani la mtundu kwa kawaida lina jozi tatu hadi tano za vijani, na jozi iliyo nchani ndiyo kubwa kuliko zote. Jani la muba lina jozi nne hadi nane, na kubwa ni zile za katikati. Maganda ya mtundu hujificha kati ya majani. Maganda ya muba, yenye rangi ya hudhurungi na vinyweleo laini kama mahameli, husimama juu ya majani hata mti ukaonekana kwa mbali kama umevikwa kofia. Warina asali nao wana alama yao. Mtundu huchanua kabla mvua hazijakolea, kati ya Septemba na Novemba; muba huchanua baadaye, mvua zikiwa zimekwisha kukolea na kuendelea hadi zinapoelekea kwisha. Kwa mrina asali tofauti hiyo si ya kitabuni. Ndiyo inayomwambia ni lini nyuki watapata chakula na ni lini autazame mzinga.

Tukiyaweka hayo katika fasili, tunapata maneno yasiyozidi thelathini: "Muba: mti wa pori la miombo ambao jani lake lina jozi nne hadi nane za vijani, kubwa zikiwa za katikati, maganda yake ya hudhurungi, yenye vinyweleo laini, husimama juu ya majani." Mtu aliye na fasili hii mkononi anaweza kutoka nje akautafuta mti. Hicho ndicho kipimo tunachokipendekeza: fasili ya mmea ni nzuri ikiwa mgeni anaweza kuutambua mmea kwa kuisoma.

Wako watakaosema kwamba kamusi si kitabu cha botania. Tunakubali. Hatudai kwamba kila kidahizo kipewe ukurasa. Watunga kamusi wetu walifanya kazi kubwa kwa muda mfupi na kwa watu wachache, na hapana budi kuwashukuru. Lakini kamusi hiyo hiyo inayosema "aina ya mti" haithubutu kusema kwamba kisu ni "aina ya chombo" ikaishia hapo. Itasema kina makali, kina mpini, na hukatia. Mti nao una makali yake ya kuujua: jani, gome, utomvu, ua, tunda. Tukiweka alama mbili tu kati ya hizo, fasili imekwisha kuwa fasili.

Hapa huzuka pingamizi ya istilahi. Inasemekana kuwa Kiswahili hakina maneno ya kueleza umbo la mmea, na mfano utolewao mara nyingi ni neno "kijani". Tumelitumia hapo juu kwa maana ya kipande cha jani lililogawanyika, lakini ni jina la rangi pia, na wengine wamedai kwamba kwa sababu hiyo halifai. Sisi hatuoni hivyo. Rangi haina wingi. Mtu akisema "vijani vinane" hakuna atakayefikiri juu ya rangi. Na kwa kuwa jani la namna hiyo daima lina vipande zaidi ya kimoja, neno hili litatumika katika wingi karibu kila mara. Sarufi yenyewe imekwisha kuitenga maana. Kuunda neno jipya mahali ambapo la zamani linatosha ni kumwongezea mwanafunzi mzigo bila ya faida.

Mti mmoja majina mengi, jina moja miti miwili

Tatizo la pili ni la majina yenyewe. Mti ambao Kilatini huuita Afzelia quanzensis huitwa mkongo au mbambakofi pwani. Katika Unyamwezi huitwa mkola. Mfasiri akiandika "mbambakofi" katika tangazo litakalobandikwa Usoke ameandika Kiswahili safi, ila ameandika kwa watu wasiokuwapo. Akiandika "mkola" ameeleweka Usoke, ila afisa aliye Dar es Salaam atauliza mkola ni nini.

Jambo hili lina uzito wa sheria. Mwaka 2022, katika mkutano uliofanyika Panama, nchi zilizotia saini mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini ziliamua kwamba miti yote ya Afrika iliyo katika jenasi Afzelia na jenasi Pterocarpus iingizwe katika Orodha ya Pili ya mkataba huo, yaani ile ya biashara inayoruhusiwa kwa kibali na kwa uangalizi. Mkola umo, kwa kuwa ni Afzelia. Mninga na mkurungu imo, kwa kuwa ni Pterocarpus. Kibali kinachotaja gogo kwa jina lisiloeleweka kwa afisa anayelikagua kinaweza kumpitisha mwizi, au kikamkwamisha mtu mwaminifu mwenye mali yake halali. Kwa hiyo anayedhani kwamba majina ya miti ni mapambo ya lugha na afikiri tena.

Kinyume chake nacho kipo. Katika orodha zilizochapishwa jina "mjohoro" limewekwa kwa Senna siamea na limewekwa tena kwa Delonix regia. Yote miwili ni miti ya kigeni iliyopandwa kandokando ya barabara na katika viwanja vya shule, na yote miwili ni ya jamii ya kunde. Lakini mmoja huchanua maua ya manjano, na maganda yake ni membamba na mepesi. Wa pili huchanua maua mekundu kama moto, na maganda yake ni marefu, mazito na magumu kama ubao. Mwalimu akiwaambia wanafunzi walete tawi la mjohoro, nusu yao wataleta hili na nusu lile, na wote watakuwa wametii. Tunapendekeza "mjohoro" ubaki kwa ule wa maua ya manjano, na ule wa maua mekundu uitwe "mkrismasi", jina ambalo watu wamekwisha kulitoa kwa sababu ya majira ya kuchanua kwake.

Mtego mbaya zaidi ni ule unaotoka nje. Vitabu vya Kiingereza vilivyoandikwa Zimbabwe huuita mtundu "msasa", kwa kufuata jina la Kishona. Mfasiri asiye mwangalifu hulikuta neno lenye sura ya Kiswahili, akafurahi, akaliacha lilivyo. Lakini kwa Kiswahili msasa ni mti mwingine kabisa, Ficus exasperata, wa jamii ya mikuyu, ambao majani yake yana ukwaruzo na hutumika kusugulia mbao. Na kutokana nao ndiyo tumepata jina la karatasi ya seremala. Aliyetafsiri hivyo ameng'oa mtundu akapanda mkuyu, na hakuna kosa la tahajia litakalomshitaki.

Je, Kilatini hakibadiliki?

Wengi wetu tumefundishwa kwamba dawa ya vurugu hii ni Kilatini, kwa kuwa majina ya Kilatini ni thabiti tangu Linnaeus alipoyaweka katika kitabu chake cha mwaka 1753. Dawa hiyo ni nzuri, ila ina kipimo chake. P. J. Greenway, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, alitoa mwaka 1937 kamusi ya majina ya mimea ambayo huanza na jina la Kiswahili na kulipatia la Kilatini. Hadi leo hatuna budi kukitegemea kitabu hicho. Hata hivyo anayekisoma sasa atakuta kwamba mengi kati ya majina yaliyozeeka si ya Kiswahili.

Mfano ulio wazi ni mgunga. Kwa muda mrefu ilifundishwa kwamba migunga yetu ni Acacia. Mwaka 2005, katika mkutano wa wanabotania uliofanyika Vienna, ilikubaliwa kwamba jina Acacia libaki kwa miti ya Australia, na uamuzi huo ukathibitishwa Melbourne mwaka 2011. Migunga ya Afrika ikagawanywa katika jenasi Vachellia na Senegalia. Mwanafunzi aliyekariri Acacia imembidi ajifunze upya. Mchungaji wa ng'ombe wa Usoke ameendelea kusema mgunga, na hakukosea kabla wala baada ya mikutano hiyo.

Wala Kilatini si lugha isiyo na upande. Mninga ni Pterocarpus angolensis, yaani wa Angola. Mkola ni quanzensis, kwa mto Kwanza, nao uko Angola. Myombo ni Brachystegia boehmii, kwa heshima ya Mjerumani Richard Böhm aliyesafiri katika Unyamwezi miaka ya 1880. Majina hayo yanatueleza ni nani aliyepita na alianzia wapi kukusanya. Hayatuelezi kwamba gome la myombo hutoa kamba, jambo ambalo wapagazi walilijua. James Grant, aliyefika Tabora pamoja na Speke mwaka 1861, alikusanya mimea njiani, na orodha yake ilichapishwa London katika miaka ya 1870. Msafiri wa namna hiyo alihitaji watu wa kumwonyesha njia na kumchukulia mzigo, na miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wakiijua miti hiyo tangu utotoni. Hatusemi haya kwa kulalamika. Twasema ili mwalimu asimfundishe mtoto kwamba jina la Kilatini ndilo jina, na la bibi yake ni makosa. Kilatini kiandikwe pamoja na mwaka wa kitabu kilikotolewa, ili atakayekuja baadaye ajue pa kuanzia kusahihisha.

Maua yasiyo maua

Sasa tuingie ndani ya nyumba. Katika baraza za nyumba nyingi za Usoke, kama za Dar es Salaam, hupangwa makopo na ndoo chakavu zenye mimea ya mapambo. Yote huitwa "maua", hata ile ambayo mwenye nyumba hajapata kuiona ikichanua. Lugha ya watu ina haki ya kufanya hivyo. Lakini lugha ya kitabu haiwezi kulipa neno "ua" kazi tatu, yaani sehemu ya mmea inayozaa tunda, mmea wa mapambo, na uga wa nyumba uliozungushiwa wigo, kisha itarajie mwanafunzi ajibu mtihani. Tunapendekeza "pambo" kwa mmea wa mapambo, wingi "mapambo", na pale inapohitajika, "pambo la ndani" na "pambo la nje". "Ua" libaki kwa kile kinachochanua.

Jambo la kushangaza ni kwamba mimea kadhaa inayouzwa duniani kote kuwa mapambo ya ndani asili yake ni huku kwetu, nasi tunaipokea kama wageni. Saintpaulia, yenye vijiua vya zambarau, ilipelekwa Ulaya kutoka Usambara na kupewa jina lake mwaka 1893. Zamioculcas, yenye majani mazito yanayong'aa na isiyodai maji mengi, huota yenyewe katika pwani ya Afrika Mashariki. Dracaena fragrans ni isale la Wachaga, linalopandwa mipakani na kupelekwa kwa mtu anayeombwa msamaha. Na ule mmea wa majani ya upanga uitwao Sansevieria, ambao sasa wanabotania wameuingiza katika jenasi Dracaena, ni ndugu wa mkonge wetu wa kwanza. Kabla mkonge wa Mexico haujaletwa Tanganyika mwaka 1893, jina "mkonge" lilikuwa la mmea huo wa kienyeji uliotoa nyuzi. Mgeni alipofika alirithi jina, na mwenyeji akabaki bila la kujulikana nalo. Tunapendekeza arudishiwe kwa kuitwa "mkonge-pori" anapokuwa porini na "mkonge-pambo" anapokuwa ndani ya kopo.

Asije mtu akadhani kwamba tunachezea maneno. Difenibakia, pambo la ndani lenye majani mapana ya madoadoa, lina utomvu unaovimbisha ulimi na koo la mtoto anayelitafuna. Mnyaa, ambao hupandwa kuwa wigo, una maziwa yanayoweza kudhuru jicho vibaya. Oleanda, ipandwayo uani kwa uzuri wake, ni sumu kila sehemu. Mfasiri akipewa onyo la kuwaambia wazazi wajihadhari na mmea fulani, na lugha yake ikawa na neno moja tu, "ua", ataandika "jihadharini na maua". Onyo la namna hiyo halimlindi mtoto yeyote. Ama mzazi ataling'oa kila kopo, ama, kama ilivyo desturi, hataling'oa hata moja.

Aina, jenasi na spishi

Limebaki neno tulilolianzia, "aina". Katika uainishaji tunahitaji ngazi: familia, jenasi, spishi. "Aina" limetumika kwa ngazi zote hizo, na hata kwa tofauti za ndani ya spishi, kama maembe dodo na maembe ya kawaida. Neno lililobeba vyote halipimi chochote. Tunashauri maandishi ya kitaalamu yaseme "spishi" yanapokusudia spishi na "jenasi" yanapokusudia jenasi. "Aina" libaki kwa mazungumzo na kwa mazao yanayotofautishwa na mkulima.

Neno "ngeli" nalo linataka uangalifu, kwa kuwa hutumiwa katika sarufi na katika biolojia pia. Lakini mgongano huu mwalimu anaweza kuugeuza kuwa faida. Sarufi yetu yenyewe ni uainishaji. Kiswahili huweka mimea katika ngeli ya M-/MI- na matunda yake katika ngeli nyingine: mwembe na embe, mnazi na nazi, mkwaju na ukwaju, mbuyu na ubuyu. Mtoto wa darasa la pili anajua tayari kwamba kitu kizaacho na kitu kilichozaliwa havikai ngeli moja. Mwalimu aanzie hapo. Kisha aonyeshe mpaka wa kanuni: mgomba na mpapai imo katika M-/MI-, lakini shina la mgomba halina ubao ndani yake, ni majani yaliyofungamana. Ngeli ya sarufi inasema "huu ni mmea". Haisemi "huu ni mti". Mwanafunzi akilielewa hilo amekwisha kuanza botania bila ya kuihama lugha yake.

Mapendekezo

Kwa muhtasari tunapendekeza mambo manne. Kwanza, fasili ya kila mmea iwe na alama mbili au zaidi za kuutambulisha, zionekanazo kwa macho bila chombo. Pili, kidahizo kimoja kichaguliwe kuwa cha kitaifa, lakini majina ya mahali yaandikwe chini yake pamoja na mahali yanakotumika: mkongo; pwani pia mbambakofi; Unyamwezi mkola. Tatu, jina la Kilatini litajwe daima, pamoja na mwaka wa chanzo chake. Nne, mimea ya mapambo ipewe majina yake, kuanzia na ile yenye sumu.

Kazi hii haiwezi kufanywa na watu wa ofisini peke yao. Mtu ajuaye kwamba maganda ya muba husimama juu ya majani hayuko katika maktaba. Yuko Usoke, na mara nyingi umri wake ni mkubwa. Pori nalo halimngojei. Miti mingi ya miombo katika Mkoa wa Tabora imekatwa kuwa kuni za kukaushia tumbaku, na mti ukiondoka mahali, jina lake hubaki kwa wazee muda mfupi, kisha nalo huondoka. Mwalimu wa shule ya msingi anaweza kwenda na wanafunzi wake na mzee mmoja hadi ukingoni mwa pori, wakaandika kila jina pamoja na jani, ua na ganda lake. Daftari hilo moja, likifika katika Baraza, litatufaa kuliko kurasa nyingi zinazosema "aina ya mti".